Akiba Haiozi? Funzo la Ukungu kwa Shule za Machakos

Wahenga walitufundisha kwamba akiba haiozi. Hawakukosea, kwa maana walikuwa wakisifu busara ya mtu anayejiwekea leo kwa ajili ya kesho. Hata hivyo, hapa Machakos msemo huo umetiwa doa na mambo yaliyotufika. Akiba ya mahindi inayoingizwa nyumbani ingali na maji huoza, na ikishaoza huua. Mwaka 1981 iliua watu 12 katika iliyokuwa wilaya ya Machakos. Mwaka 2004 ikaua watu 125, wengi wao katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Baina ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 23. Ni miaka hiyo 23 ninayotaka kuizungumzia leo, kwa kuwa naamini ina funzo kubwa kwa walimu na wanafunzi kuliko hata misiba yenyewe.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya adui tunayemtaja. Watu wengi husema "ukungu" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kuvu wanaoshambulia mazao ni wengi, na kila mmoja ana tabia zake. Kuna wale wanaoushambulia mmea ukingali shambani, wakauangusha mbele ya macho ya mkulima. Mfano mzuri ni ukungu mweupe wa maharagwe, ambao wanasayansi huuita Sclerotinia sclerotiorum. Huu hupenda mahali penye ubaridi na unyevu, na hushika hasa pale mimea iliposongamana na kumwagiliwa kupita kiasi. Huanza kwa doa la majimaji kwenye shina au ganda. Baada ya siku chache doa hilo hufunikwa na nyuzi nyeupe mfano wa pamba, shina likalainika, na mmea mzima ukanyauka.

Ndani ya pamba hiyo hufanyika vijiwe vyeusi vigumu ambavyo mtu asiyevijua angedhani ni mavi ya panya. Hivyo ndivyo mbegu ya balaa. Huanguka ardhini na kukaa humo kwa miaka mitano au hata zaidi, vikingoja unyevu na mmea mwingine wa kushambulia. Nao hawachagui sana, kwani kuvu hawa wanajulikana kushambulia zaidi ya aina 400 za mimea, zikiwemo maharagwe, kabeji, nyanya, karoti na alizeti. Mkulima anayedhani kwamba ataumaliza ugonjwa huu kwa bomba la dawa peke yake anajidanganya, kwa sababu dawa hupigwa juu ya majani ilhali adui amelala chini ya udongo. Dawa yake kubwa ni mpango. Mkulima hubadilisha mazao, akapanda mahindi au mtama kwa misimu kadhaa pale palipokuwa na maharagwe, kwa kuwa nafaka za jamii hiyo si chakula cha kuvu huyu. Hupanda kwa nafasi ili hewa ipite. Humwagilia maji chini ya shina wakati wa asubuhi, ili majani yakauke kabla ya usiku. Huchagua mbegu safi, na hung'oa mimea iliyougua na kuiteketeza badala ya kuitupa kwenye shimo la mboji.

Ukungu wa aina hiyo ni mwizi wa mchana. Huvunja mlango, hubeba mali, na mwenye nyumba humwona. Ukungu wa mahindi ni mwizi wa namna nyingine. Kuvu anayeitwa Aspergillus flavus huishi katika udongo na katika masalia ya mimea, na rangi yake huelekea kijani kibichi chenye umanjano. Vumbi lake hupeperushwa na upepo hadi kwenye ndevu za mahindi. Mmea ukiwa umedhoofishwa na ukame na joto, au punje zikiwa zimetobolewa na wadudu, kuvu huyo hupata njia ya kuingia. Kisha huvunwa pamoja na mahindi, akaingia nasi nyumbani, na akikuta punje zingali na unyevu huzidi kukua. Katika kukua kwake hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Ukungu mweupe wa maharagwe huchukua zao na kumwachia mkulima njaa. Ukungu wa mahindi humwachia mkulima zao lake, ukamchukua yeye. Aweza kuyapepeta mahindi, akayaosha, akayaanika tena juani mpaka yakang'aa, na bado sumu ikabaki ndani ya punje. Aweza kuyachemsha kutwa nzima, nayo sumu isivunjike, kwa kuwa joto la maji yanayochemka halitoshi kuiharibu. Haina rangi ambayo jicho laweza kuitambua katika unga, wala ladha ya kumwonya mlaji. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa kimo guniani mwako.

Msomaji aweza kuuliza, je, mambo haya yalijulikana lini? Yalijulikana zamani. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa karanga zilizoota ukungu, na katika kuchunguza vifo hivyo wanasayansi wakaigundua aflatoksini. Kwa hiyo ilipofika mwaka 1981 sumu hiyo ilikuwa na jina na maelezo. Kati ya mwezi wa Machi na Juni mwaka huo, wagonjwa 20 waliokuwa na macho ya manjano na ini lililoharibika walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos. Watu 12 kati yao walikufa. Mahindi yaliyochukuliwa katika mojawapo ya nyumba zilizofikwa na msiba yalikutwa na mikrogramu 12,000 za sumu katika kila kilo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Kenya siku hizi ni mikrogramu 10. Mwanafunzi na apige hesabu: ni mara 1,200. Habari hizo ziliandikwa katika jarida la kitabibu mwaka 1982 na kusomwa na madaktari wa ulimwengu mzima.

Swali langu ni hili: je, zilisomwa na nani hapa Machakos? Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka saba alikuwa na miaka 30 ilipofika 2004. Alikwisha kuwa baba au mama, mwenye shamba lake, gunia lake na watoto wa kulisha. Alipitia mikononi mwa walimu wetu. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa, kilimo kilipewa nafasi ya heshima katika shule, na watoto wakabeba majembe na mbegu kwenda nazo darasani. Kizazi hicho kilifundishwa aina za udongo, matuta ya kuzuia mmomonyoko, na majina ya mbolea. Lakini kwa niliyoyaona mimi, kilimo cha shule nyingi kiliishia siku ya kuvuna. Kilichotokea baada ya hapo, namna ya kuanika, kupukusua na kuhifadhi, kiliachiwa mama nyumbani, kana kwamba si elimu. Kibaya zaidi, jembe lenyewe lilifanywa adhabu. Aliyechelewa alilimishwa, na aliyepiga kelele akapelekwa shambani. Ni ajabu kwamba tuliwafundisha watoto kulichukia shamba, kisha tukashangaa walipokosa kulijua ghala.

Basi mwaka 2004 ukafika. Mvua ya nje ya msimu iliwakuta wakulima wakivuna mahindi mwezi wa Februari, baada ya kipindi cha ukame na upungufu wa chakula. Watu waliogopa wizi, kwa kuwa penye njaa hata mahindi mabichi huibwa. Wakayaondoa shambani na kwenye maghala ya nje, wakayaingiza katika nyumba walimolala, yakiwa na maji, yakarundikwa sakafuni mahali pasipopita hewa. Wachunguzi wa Wizara ya Afya na wenzao wa kimataifa walipolinganisha nyumba zilizougua na zile zilizosalimika, waliona kwamba waliougua walielekea zaidi kuwa ndio waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Kufikia mwezi wa Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 wamekufa. Hiyo ni karibu watu wanne kati ya kila wagonjwa kumi. Mwaka 2005 na mwaka 2006 ugonjwa ulirudi tena katika eneo hili hili na kuua wengine.

Tusiwahukumu marehemu. Waliyoyafanya yalikuwa mambo ya mtu mwenye akili timamu anayewalinda watoto wake dhidi ya njaa na mwizi. Walichopungukiwa ni kipande kimoja tu cha maarifa, kwamba mahindi mabichi ndani ya nyumba ni hatari kuliko mwizi aliye nje. Kipande hicho kilikuwa kimekwisha kupatikana katika wilaya hii hii miaka 23 nyuma yao, na kimelipiwa kwa roho za watu 12. Kilikuwa katika majarida, katika mafaili ya hospitali na katika vichwa vya wataalamu. Hakikufika kwenye sakafu ya nyumba ya mkulima. Mimi nasema kwamba njia fupi kuliko zote kutoka kwenye jarida hadi kwenye sakafu hiyo ni mtoto wa shule arudipo nyumbani jioni.

Najua nitajibiwa kwamba hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na wala siiondolei serikali wajibu wake. Mwaka 2004 wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake katika masoko ya wilaya zilizoathirika, na asilimia 55 zilikuwa zimepita kiwango cha mikrogramu 20 kilichoruhusiwa wakati ule. Mwezi wa Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipiga marufuku unga wa mahindi wa kampuni tano kwa sababu ya sumu hii. Machi 2021 mahindi kutoka Uganda na Tanzania yalizuiwa mipakani kwa sababu hiyo hiyo, kisha yakaruhusiwa kwa masharti baada ya siku chache. Hatua kama hizo zina maana kwa mtu wa mjini anayekula unga wa pakiti. Lakini mkaguzi haingii katika nyumba ya mkulima wa Mwala au Masinga ambaye hula alichovuna mwenyewe, akakipeleka kisiagi cha jirani na kukipika usiku ule ule. Wala haoni gorogoro la mahindi linalouzwa kando ya njia. Mkaguzi wa mahindi hayo ni mwenye nyumba mwenyewe, na cheti chake hana budi kukipata shuleni.

Wengine watasema kwamba maskini hana anasa ya kuchagua, na kwamba mwenye njaa hatupi chakula. Hoja hii ni nzito, nami naiheshimu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba vita hivi vishindwe au vishindwe mapema, wala visingojee hadi siku ya kumwaga gunia. Yapo mengi ya kufanya ambayo hayadai fedha nyingi. Kupanda mapema mvua inaponyesha, na kupanda mbegu zinazokomaa haraka kama zile za Katumani, humpunguzia mmea dhiki ya ukame. Kuvuna kwa wakati, na kutoyaacha mahindi yalale juu ya udongo, humnyima kuvu nafasi. Kuanika juu ya turubai au mkeka badala ya ardhi tupu ni jambo la mazoea tu. Kupukusua kwa mkono badala ya kulitwanga gunia kwa rungu huzuia punje zisipasuke, na punje iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi. Kuchambua na kuondoa punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizovunjika hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Kuweka magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, hakuhitaji mkopo wa benki. Hata mifuko mipya isiyopitisha hewa, ambayo husaidia sana dhidi ya wadudu, haina faida kwa mahindi mabichi. Ni lazima yakauke kwanza.

Wakamba wenyewe wana hekima ya jikoni inayostahili kutajwa. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda la juu, huwa na sumu pungufu kuliko punje nzima, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini. Watafiti walioyapima mahindi ya eneo hili walikuta kwamba ukoboaji uliipunguza sumu kwa karibu nusu kwa wastani. Lakini tusije tukaugeuza ukweli huu kuwa hirizi. Nusu ya sumu nyingi ni sumu nyingi bado. Nayo makapi yanayobaki, yakilishwa kuku na ng'ombe, huupeleka msiba upande mwingine, kwani ng'ombe aliyekula aflatoksini huitoa sehemu yake katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo takwimu za vifo hulificha. Wale 125 walikula sumu nyingi kwa muda mfupi, na dunia ikasikia kilio. Mtu anayekula sumu kidogo kidogo kila siku halii. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, na saratani hiyo ni ya ini, hasa kwa mtu aliye pia na homa ya ini ya aina ya B. Tafiti zimeihusisha pia na kudumaa kwa watoto. Kwa hiyo mwalimu anayemtazama mtoto mfupi kupita umri wake katika safu ya mbele ya darasa hawezi kusema kwamba ukungu ni habari ya wakulima peke yao.

Wala si hapa petu tu. Mwaka 2016 sumu hii ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, watu 68 wakaugua na 20 wakafa. Dodoma ni nchi kavu kama Ukambani, yenye mvua za kubahatisha na watu wanaotegemea mahindi kupita mazao yanayoistahimili hali hiyo. Babu zetu walikula mtama, mawele, kunde na mbaazi kwa wingi kuliko sisi. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoathiriwa zaidi na kuvu huyu, na kuchanganya vyakula mezani ni njia mojawapo ya kuipunguza sumu mwilini. Somo hilo nalo ni la darasani.

Sasa nizungumze na walimu waziwazi. Mfumo wa elimu ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 unadai kwamba mtoto aonyeshe umilisi kwa vitendo. Vyama vya 4-K, vyenye wito wa Kuungana, Kufanya na Kusaidia Kenya, vilifufuliwa shuleni mwaka 2021. Nafasi tunayo, tena tunalaumiwa mara kwa mara kwamba hatujui la kuijaza nalo. Basi tuijaze na hili.

Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko. Jazeni mahindi hadi thuluthi moja, mtie vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, mfunge na kutikisa kwa dakika moja, kisha mwache kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, nayo hayafai kuwekwa. Chumvi isiposhika, yamekaribia kuwa salama, lakini yaendelee kuanikwa, kwa sababu kipimo kinachotakiwa kwa kuhifadhi ni asilimia 13.5. Jaribio hili halihitaji maabara wala bajeti. Laweza kufanywa katika shule ya msingi iliyo chini ya mti. Mpeni kila mtoto kazi ya kulirudia nyumbani mbele ya wazazi wake, alete majibu kesho yake, na darasa lichore jedwali la nyumba ngapi zina mahindi makavu na ngapi bado.

Mwalimu wa hisabati asijitenge. Mikrogramu 10 katika kilo moja ni gramu 10 katika tani 1,000, yaani katika magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90. Mtoto akiipata hesabu hiyo mwenyewe hatasahau jinsi sumu hii ilivyo kali, na ataelewa kwa nini kuchukua kiganja kimoja cha mahindi juu ya gunia hakutoshi kulipima gunia zima. Mwalimu wa sayansi na achukue kipande cha mkate chenye unyevu, akifungie ndani ya mfuko usiofunguliwa, wanafunzi wautazame ukungu ukikua siku baada ya siku. Bustani ya shule iliyopandwa maharagwe msimu huu na ipandwe mahindi msimu ujao, na sababu iandikwe ubaoni.

Tena kuna ghala la shule. Katika shule nyingi za bweni, githeri, au isyo kama tuitavyo huku, ndicho chakula cha kila siku, na zipo shule zinazokubali mahindi na maharagwe ya wazazi badala ya karo. Desturi hiyo ni ya huruma nami naiunga mkono. Lakini nimepata kuingia katika ghala la shule moja, ambayo sitaitaja, nikakuta magunia yamelazwa juu ya saruji, yameegemezwa ukutani, na paa juu yake likivuja. Mahindi ya nyumba hamsini yalikuwa yamechanganywa bila hata moja kupimwa, na gunia moja bovu latosha kuharibu sufuria ya wanafunzi mia tano. Shule inayofundisha usafi wa nafaka darasani na kulisha watoto kutoka ghala kama hilo inafundisha masomo mawili yanayopingana, na mtoto hulishika lile analolila. Mkuu wa shule, bodi na wazazi hawana budi kukubaliana kwamba hakuna gunia linaloingia ghalani kabla ya kupimwa unyevu, na kwamba wanafunzi wenyewe ndio watakaolipima.

Tusisahau pia kwamba tuna bahati ambayo sehemu nyingine hazina. Kilomita chache kutoka mji wa Machakos kipo kituo cha Katumani cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO. Hapo ndipo kiwanda cha kutengeneza Aflasafe kilipojengwa. Bidhaa hiyo, iliyosajiliwa nchini mwaka 2015, ni ya ajabu katika wepesi wake. Wanasayansi walichukua kuvu wa jamii ile ile ya Aspergillus flavus, lakini wasio na uwezo wa kutengeneza sumu, wakawapaka juu ya punje za mtama zilizouawa. Mkulima hutawanya punje hizo shambani, kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu wasio na sumu huenea wakachukua nafasi ya ndugu zao wabaya. Ni ukungu kuutoa ukungu. Ni wanafunzi wangapi wa Machakos waliokwisha kulisikia jambo hilo, lililo jirani yao kiasi cha mwendo wa asubuhi moja? Twawapeleka watoto Mombasa kutazama bahari, nalo ni jambo jema. Twashindwaje kuwapeleka Katumani?

Hata Aflasafe haitamwokoa mtu anayeweka mahindi mabichi nyumbani. Hakuna kitu kimoja kitakachofanya kazi yote, kama vile dawa ya bomba isivyoweza kumaliza vijiwe vyeusi vya ukungu wa maharagwe. Magonjwa haya yote hutaka mtu anayefikiri mbele, anayejua kwamba ukungu hushindwa kabla haujaonekana. Kufikiri mbele hakuuzwi dukani. Hufundishwa, tena hufundishwa mapema, kwani samaki hukunjwa angali mbichi.

Mahindi ya mvua za vuli huvunwa mwezi wa Februari, muhula wa kwanza ukiwa umeshika kasi na walimu wote wakiwa kazini. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa msiba wa 2004 amekwisha kuwa mtu mzima, na baadhi yao wana watoto wanaoingia shule za chekechea. Miaka mingine 23 inakaribia kutimia. Mwalimu mwenzangu, chupa moja na vijiko vitatu vya chumvi si gharama ya kukutisha. Vitie katika mpango wa kazi wa muhula huu, na mtoto akivipeleka nyumbani jioni, huenda ile akiba waliyoisifu wahenga ikapona.